Kigari cha gofu cha petroli kinameza plagi, asubuhi hakishiki: mafundi wa Malindi na Lamu karibuni

Kasuarina_Getini

Salamu alekum wote. Mimi ni msimamizi wa nyumba za wageni hapa Malindi, upande wa barabara ya Casuarina. Tuna kigari cha gofu cha petroli, Club Car yenye injini ya Kawasaki FE290. Gofu kwetu hakijui. Kinabeba masanduku ya wageni kutoka getini hadi vyumbani, mitungi ya gesi, mashuka ya dobi, na jioni wazee wa Kitaliano wasiotaka kukanyaga mchanga.

Shida ni hii. Asubuhi nikikanyaga mafuta, stata inazunguka vizuri tu ila injini haishiki. Nikikazana, harufu ya petroli inatapakaa mpaka jikoni. Nikifungua plagi ya cheche naikuta nyeusi tii. Nikifunga mpya, kinawaka mara moja kama hakijawahi kuumwa. Haipiti wiki, tumerudi pale pale. Betri ni nzima, nimeipima. Fundi wa mwisho alisema plagi za siku hizi ni feki, akaniuzia nyingine.

Bosi ameanza kuuliza mbona hesabu ya spea haiishi. Nianzie wapi?

Tuktuk_Barani

Kiuze ununue punda. Waulize watu wa Lamu kama punda ana plagi.

Natania kaka. Angalia kabureta.

Fundi_Maweni

Alekum salam. Kijana wa tuktuk, kabureta ndiyo kitu cha kwanza kila mtu anakifungua na ndiyo kitu cha mwisho kinachofaa kufunguliwa. Ukishaivuruga kabla ya kujua ugonjwa, una magonjwa mawili.

Mwenye uzi, nijibu mambo mawili kwanza. Hiyo nyeusi ni ya namna gani? Ukiipangusa kwa kidole inatoka kavu kama masizi ya sufuria, au inateleza na kung'aa? Kavu maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, au plagi yenyewe haipati joto la kutosha kuyachoma masizi yake. Ya kuteleza ni oili: ringi zimekwisha, gaidi za valvu (vile vibomba vinavyoongoza valvu) zimelegea, au mtu amejaza oili kupita alama. Ikitoka imelowa petroli tupu bila weusi, hapo cheche ni dhaifu au hazipo kabisa na injini imezama. Plagi yenye afya ina rangi ya kahawia hafifu pale kwenye kauri inayozunguka ncha ya katikati. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi na injini inaungua, nao ni ugonjwa mwingine tusiuzungumze hapa.

Pili, nisomee herufi zilizoandikwa kwenye plagi. Zote, usiruke hata moja.

Kasuarina_Getini

Shukran mzee. Ni kavu, inapaka kidole chote. Imeandikwa NGK B7HS.

Nahodha_wa_Amu

Yakhe! Hiyo ni plagi yangu hiyo!

Mimi niko Lamu, nina mashua yenye injini ya nje ya stroki mbili, na B7HS ni jamaa wa familia hiyo. Maduka yote ya vifaa vya uvuvi huku pwani wanazo, kwa hivyo fundi wako alichukua ile iliyokuwa karibu. Imeingia kwa sababu tundu ni la ukubwa mmoja, basi akaona mambo sawa.

Nikufafanulie herufi za NGK, maana watu wengi huziona kama namba za simu. B ni upana wa meno ya kufungia, milimita 14. D ni 12, na C ni 10, ndiyo maana plagi za bodaboda nyingi hata hazigusi ukuta wa tundu lako. Namba ni joto, nayo inakwenda kinyume na mtu anavyodhani: namba ndogo ni plagi inayobaki na joto, namba kubwa ni plagi inayolitoa joto haraka. Herufi baada ya namba ni urefu wa meno. H ni milimita 12.7, E ni milimita 19. Ukiona P, kauri imechomoza mbele. Ukiona R, ndani mna rezista.

Injini yako ya FE290 inataka BPR2ES. Sasa linganisha. Wewe umetia saba pahali pa mbili, na fupi pahali pa ndefu. Saba ni ya injini inayovutwa mwendo mkali kutoka Mokowe hadi Kiunga bila kupumzika. Kwako haipati joto hata kidogo. Na kwa kuwa ni fupi, ncha yake imejificha ndani ya tundu, haifiki kunako moto. Hiyo haiwezi kukosa masizi.

Kasuarina_Getini

Subhanallah. Na mimi nilikuwa nanunua hiyo hiyo kila mara kwa kuonyesha ile ya zamani dukani.

Fundi_Maweni

Nahodha amesema kweli. Naongeza moja. Yale meno ya tundu ambayo plagi fupi haikuyafikia yamekaa wazi ndani ya moto muda wote huo, yamejaa kaboni. Ukileta BPR2ES usiilazimishe kwa spana. Izungushe kwa mkono mpaka ikalie gasketi yake, ndipo utumie spana kidogo. Ikigoma katikati, itoe, safisha meno, jaribu tena. Kichwa cha injini ni aluminiamu. Ukikivuruga hapo gharama yake si ya plagi tena.

Nafasi ya ncha iwe kati ya milimita 0.7 na 0.8. Pima kwa geji, usikadirie kwa jicho wala kwa blade ya wembe.

Na wale wanaosoma kimya kimya: kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Plagi ndefu kwenye injini ya plagi fupi inaweza kugongwa na pistoni.

BintiSabaki

Habari zenu. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na nimewahi kuhudumia vigari hivi hotelini huko Watamu. Naona mmeipata plagi, ila nisingefunga mjadala.

Vigari vya gofu vina tabia ambayo gari la kawaida halina. Ukiachia mafuta, injini inazimika. Ukikanyaga tena, swichi ndogo iliyo kwenye pedali inaamsha solenoidi, solenoidi inapeleka umeme kwa stata, stata inaivuta injini kwa mkanda, na ikishawaka stata hiyo hiyo inageuka jenereta ya kuchaji betri. Kwa hiyo kutoka getini hadi chumba cha mwisho injini imewaka na kuzima mara kadhaa, tena ikiwa baridi. Plagi huanza kujisafisha yenyewe ncha yake ikifika nyuzi joto kama 450 hadi 500. Chini ya hapo masizi yanabaki. Safari za namna yenu hazifikishi joto hilo hata kwa plagi sahihi, sembuse hiyo ya mashua. Mara moja moja kipeleke mwendo mrefu bila kusimama, kizunguke eneo lote mpaka injini ipate moto kamili.

Pia usiitupe plagi ya zamani kabla ya kuipima. Weka mita kwenye omu, mguu mmoja kwenye ncha ya katikati, mwingine kwenye chuma cha meno. Plagi nzima haionyeshi kitu, umeme haupiti. Ya masizi itakupa namba, maana kaboni inapitisha umeme. Cheche badala ya kuruka kwenye nafasi zinateremka taratibu juu ya kauri na kupotelea kwenye chuma. Ndiyo maana stata inazunguka, petroli inaingia, na hakuna kitu. Zile zenye R, ukipima kutoka juu hadi ncha ya katikati utapata kama kilo-omu 5. Hiyo ni rezista yake, usidhani imeharibika.

Na tafadhali: kabla ya kujaribu cheche ukiwa umeinua kiti, weka gia katikati, inua magurudumu ya nyuma yasiguse chini, na vua shanga, mtandio, kikoi kinachoning'inia. Hiki ni chombo kinachowaka kwa kukanyagwa pedali. Akija mtoto akaikanyaga wewe umeinama kwenye mkanda, ni vidole vyako. Plagi unayoijaribu iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na tundu lake, kwa sababu mvuke wa petroli unatoka pale pale.

Tuktuk_Barani

Mbona mnahangaika, plagi ya masizi unaiweka kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu, inarudi mpya. Sisi stendi tunafanya kila siku.

Fundi_Maweni

Mnafanya kila siku kwa sababu kila siku inaharibika, mwanangu.

Masizi makavu yanaungua kweli, sikatai. Lakini ukiipiga moto hadi nyekundu kauri inaweza kupata ufa usioonekana, na rezista ya ndani haikutengenezewa jiko. Ukikwama njiani, isugue kwa brashi na petroli, ikaushe vizuri, ikufikishe nyumbani. Msasa kwenye kauri pia sikubali, unaacha mikwaruzo ambayo masizi yajayo yanaishikilia.

Kasuarina_Getini

Nimerudi. BPR2ES haikupatikana hapa mjini, nimeagizia Mombasa ikaja na matatu. Nimesafisha meno kama mzee alivyosema, imeingia kwa mkono bila ubishi. Kimewaka kwa mguso mmoja, na mlio umebadilika kabisa, hakimisi tena.

Nimefungua pia eyaklina, lile chujio la hewa. Jamani. Mchanga mwekundu wa njia yetu ya nyuma umejaa, na pembeni panya ameweka magamba ya korosho. Nimetia mpya. Choki, ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha, nimeiangalia, ikiachiwa inarudi yenyewe hadi mwisho.

Ila sijatulia. Leo nimefungua plagi kuiangalia tu. Si mbaya kama mwanzo, lakini weusi umeanza kurudi, na kikisimama kwa muda bado nasikia petroli.

Mgeni_Watamu

Tafuta plagi ya joto zaidi ya hiyo. Au funga skrubu ya kabureta kidogo petroli ipungue.

Nahodha_wa_Amu

Ndugu yangu, mbili ni karibu na mwisho wa ngazi kwenye namba za NGK. Hapo chini hakuna pa kukimbilia.

Fundi_Maweni

Na skrubu ile inarekebisha sailensa tu, yaani injini inapounguruma polepole bila kukanyagwa mafuta. Kigari hiki hata sailensa hakina, kinazima. Mtu anakunja skrubu, hakuna kinachobadilika, anakunja zaidi, baadaye hajui ilikuwa wapi.

Petroli inatoka pahali ambapo haikutakiwa kutoka. Ama kabureta inafurika kwa sababu sindano ya floti, ile inayofunga petroli kabureta ikijaa, haizibi, ama petroli yenyewe ina matatizo. Unanunua wapi? Kuna wanaouza kwenye vibuyu barabarani wakiwa wamechanganya na mafuta ya taa. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua mchezo huo, lakini kibuyu hakina risiti. Mafuta ya taa kwenye injini ya petroli ni masizi matupu.

Kasuarina_Getini

Naweka kituoni, kwenye pampu, mimi mwenyewe. Na tangi likikaa wiki mbili ni nyingi, petroli haizeeki kwetu.

BintiSabaki

Kabla hujafungua kabureta, chomoa kijiti cha oili. Kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Nataka vitu viwili: oili imefika wapi, na inanuka nini.

Kasuarina_Getini

Dada, imepita alama ya juu. Na inanuka petroli, wala sihitaji kuileta puani. Ni nyepesi, inadondoka kama maji. Mimi sijaongeza oili na kijana wa bustani anaapa hajagusa.

BintiSabaki

Usikiwashe tena. Kisukumeni.

Oili haizai. Ikiongezeka bila mtu kuongeza, ni petroli imeingia tumboni mwa injini. Oili iliyochanganyika namna hiyo hailindi beringi wala pistoni. Halafu ule mvuke wa petroli unaotoka tumboni unapanda kwa mpira wa kupumulia, unaingia kwenye njia ya hewa, injini inaumeza juu ya petroli ya kabureta. Ndiyo masizi yako hayo, na ndiyo harufu ya jikoni. Unaweza kubadilisha plagi hadi Ramadhani ijayo.

Milango ni miwili. Mmoja ni sindano ya floti, mzee ameitaja. Wa pili ni pampu ya petroli, na mimi naishuku zaidi. Pampu ya kigari hiki haina umeme. Ina kiwambo cha mpira ndani. Mpira mwembamba unatoka kwenye tumbo la injini hadi kwenye pampu, na pistoni ikipanda na kushuka hewa inavuta na kusukuma kile kiwambo, petroli inanyonywa kutoka tangini. Kiwambo kikichanika, upande wa petroli na upande wa injini vinakuwa chumba kimoja. Injini inajinyonyea petroli moja kwa moja hadi tumboni kupitia ule mpira wa hewa.

Kuupima ni rahisi kuliko kuueleza. Chomoa ule mpira wa hewa upande wa pampu. Ndani uwe mkavu, au na unyevu kidogo wa oili. Ukikuta petroli, umemaliza uchunguzi. Usivute sigara wala usiruhusu anayevuta kusogea.

Kasuarina_Getini

Petroli. Imetiririka hadi kwenye kiganja.

Fundi_Maweni

Binti, hapo nakuvulia kofia. Mimi ningeishia kwenye sindano ya floti na ningefungua kabureta bure.

Tuktuk_Barani

Kiwambo unakata kwenye tyubu ya baiskeli. Nimeona kwa macho yangu, kinafanya kazi.

Nahodha_wa_Amu

Kinafanya kazi hadi petroli iivimbishe ile tyubu. Mpira wa tyubu haupatani na petroli, unalegea kama mkate uliotiwa chai. Kwa injini ya mashua hilo lingekukuta katikati ya mkondo. Pampu mpya nzima si ghali kama oili na beringi. Na ukiifungua, badilisha mipira yote miwili ya petroli na ule wa hewa. Jua na chumvi ya huku huifanya migumu, inapasuka kwenye ncha.

BintiSabaki

Pampu ikishafungwa, mwaga oili yote, yote kabisa, tia mpya hadi alama na si juu yake. Kiwashe, kizungushe kidogo, chomoa kijiti unuse. Kama bado kuna harufu, mwaga tena. Kisha angalia kiwango baada ya kukaa usiku kucha. Kikipanda bila injini kuwaka, basi na sindano ya floti nayo ina lake, na hapo ndipo kabureta inafunguliwa.

Kasuarina_Getini

Pampu imekuja, imefungwa. Oili nimebadilisha mara mbili, ya kwanza ilitoka kama petroli yenye rangi. Kijiti nimekiangalia asubuhi kwa wiki nzima, oili haijasogea kutoka kwenye alama. Kinashika kabla mguu haujafika chini. Plagi nimeifungua jana, kauri ni kahawia.

Mzee wa Maweni, Dada wa Sabaki, Nahodha, Mungu awalipe. Bosi ameuliza ni fundi gani nimemwita.

Mgeni_Watamu

Samahani kuingilia uzi wa watu. Na mimi nina Club Car kama hiyo, lakini changu nikikanyaga mafuta kinasema "tak" basi. Stata haizunguki. Plagi nimebadilisha.

BintiSabaki

Plagi haihusiki. Kama stata haizunguki, cheche hazijafikiwa bado. Hiyo "tak" ni solenoidi, maana yake swichi ya pedali na ya ufunguo zinafanya kazi.

Pima betri ikiwa imetulia. Iliyojaa ni volti 12.6 hivi. Sasa mtu akanyage huku mita iko kwenye betri. Ikianguka chini ya volti 10, ichaji halafu urudie. Ikianguka tena, betri imechoka. Ikibaki juu na stata haizunguki, umeme unazuiwa njiani. Mita mguu mmoja kwenye boliti kubwa ya solenoidi, mwingine kwenye ya pili, akanyage tena. Ikisoma volti 12 nzima wakati wa "tak", solenoidi inalia lakini ndani haigusi. Ikisoma karibu na sifuri, hamia kwenye waya wa athi, kutoka ncha hasi ya betri hadi kwenye mwili wa injini. Hapo haifai kuona hata nusu volti.

Mgeni_Watamu

Betri 12.5, inashuka kidogo tu. Solenoidi sifuri. Waya wa athi unasoma volti 9. Kwa nje unaonekana mzima.

BintiSabaki

Kwa nje. Uchune ganda karibu na ile pete ya kufungia uangalie.

Mgeni_Watamu

Ni unga wa kijani mtupu.

BintiSabaki

Hiyo ni hewa ya bahari. Usiiunge, tafuta waya mpya mnene kama huo au zaidi. Sehemu unayofungia kwenye injini na fremu isugue mpaka chuma king'ae, funga, ndipo upake grisi juu. Juu, si katikati.